Jezi ya Edmonton: Moon, Parker au Kwong? Nisaidieni wakuu

MzeeWaBaridi: Wakuu salama? Nataka kununua jezi ya Edmonton Elks, ule mpira wa yai wa Kanada sio wa Marekani, ila ya mchezaji wa zamani. Nimebaki na watatu, Warren Moon namba 1, Jackie Parker 91, Normie Kwong 95. Nichukue ipi? Naagiza kabla ya Jumamosi.

ChumaChaTanga: Mleta mada, ya nani? Yako, ya mtoto, zawadi? Saizi? Bajeti? Unaleta uzi nusu halafu unatukimbiza.

MamaNuru: Moon, hamna mjadala. 1978 NFL, ligi ya Marekani, hawakumchagua kabisa na alikuwa ametoka kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, na chuo cha Washington, enzi hizo kwotabeki (yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) mweusi walikuwa wanamtaka abadili nafasi ya kucheza. Akaja Edmonton, Grey Cup (kombe la ubingwa wa Kanada) tano mfululizo 1978 mpaka 1982, ndo Houston wa NFL wakashtuka wakamchukua 1984.

Babu_Prairie: Dada, sio peke yake. Fainali ya 1981 mapumziko Ottawa wanaongoza 20 kwa 1, na Ottawa wenyewe msimu mzima walishinda mechi tano tu! Moon alishatolewa, akaingia mzee Tom Wilkinson kutuliza mambo, Moon akarudi baadaye, mwisho 26 kwa 23. Mimi ni Parker. 1954 Montreal wako mbele 25 kwa 20, dakika za mwisho, mpira ukawaponyoka, Parker akauokota akakimbia nao yadi 90 hivi mpaka mwisho wa uwanja, mkwaju wa nyongeza ukaingia, 26 kwa 25. Ndo kombe la kwanza la timu.

Kalgari_Damu: Kwong ni wetu. Kazaliwa Calgary, kachukua Grey Cup ya 1948 na Calgary, nyie mlimpata baadaye 😂

Babu_Prairie: Na tukachukua naye tatu, 1954, 55, 56. Mtoto wa wahamiaji Wachina, baadaye akawa mwakilishi wa Malkia mkoa mzima wa Alberta.

Kiberiti: Kabla hujaagiza nisikilize. Mimi niliagiza mtandaoni jezi ya Ricky Ray 15, kwotabeki wao mwingine wa zamani, duka silitaji. Nikasubiri wiki tatu, nafungua mfuko nakuta mgongoni wameandika RICKY badala ya RAY, herufi ya kwanza imeshaanza kubanduka, na imekatwa ile ya kuvaliwa juu ya pedi za mabega, navaa shingo inateleza mpaka bega liko nje, mke wangu akaniuliza hilo dera nimenunua wapi. Kuwapigia wananiambia yenye jina hairudishwi. Saa hizi mwanangu analalia. Nenda dukani ukaishike kwa mkono.

ChumaChaTanga: Na uamue jina la timu, la zamani, Eskimos, waliliacha 2020 maana Wainuit wengi, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, lilikuwa linawakera, Elks imekuja 2021. Moon hajawahi kucheza Elks.

Kalgari_Damu: Elks ile iliyofungwa nyumbani mechi 22 mfululizo mpaka Agosti 2023? Bora soksi.

Mto_Tana: Nje ya mada kidogo, uwanja wao si ulijengwa kwa ajili ya michezo ya Jumuiya ya Madola 1978? Henry Rono wetu wa Kenya aliondoka Edmonton na dhahabu mbili, mita 5,000 na kuruka viunzi na maji.

MamaNuru: Na marathoni akachukua Gidamis Shahanga, Mtanzania! Mwaka uleule Moon anaingia mjini.

Mto_Tana: Hiyo moja nawapa. Ila Filbert Bayi wenu, mita 1,500, alikuwa wa pili.

MamaNuru: Wa pili ni fedha kaka, sio aibu.

MzeeWaBaridi: Samahanini nilikuwa shifti. Ni ya baba mkwe, XL, anatimiza 70. Nimemuuliza mke wangu kwa siri, anasema mzee hataji kwotabeki hata siku moja, anamtaja mpiga mateke tu, Cutler sijui.

Babu_Prairie: Dave Cutler!! Si ndo teke lake lililoimaliza Ottawa 1981! Ungesema mapema.

ChumaChaTanga: Sasa wamekuwa wanne. Na bajeti bado hujataja.

Mto_Tana: Mama Nuru, michezo hiyohiyo ya 1974 kule Christchurch, New Zealand, ungeniambia Bayi ningekaa kimya, rekodi ya dunia ile. Ila sisi tunaongelea 1978.