Mishipi inasukana tunaporambaza kwa winchi mbili

Swali: Ndugu wavuvi, salaam. Nina boti ya futi 19 ninayoitumia kurambaza nguru (kuwavua kwa kuvuta chambo nyuma ya boti inayokwenda) katika mlangobahari wa Pemba, ikiwa na winchi mbili za kushushia chubwi, yaani uzito unaoning'inia kwenye waya ili kupeleka mshipi chini, pamoja na mishipi miwili inayokwenda juu juu. Kila tunapogeuka mishipi husukana, na juzi tulipoteza saa nzima tukifumua fundo kubwa kama ngumi. Ninakosea wapi?

Jibu: Kaka, nadhani kosa liko kwenye kona. Boti ikikata kushoto, mshipi wa kushoto hupungua mwendo na kuzama, ilhali wa kulia huongeza mwendo na kupanda, kisha hukatizana. Geuka kwa duara pana bila kupunguza mafuta ghafla. Chubwi moja ishushe mita 20, chambo chake kikifuata kwa mita 5 tu. Nyingine iache kwenye mita 10, chambo kikiwa mbali kidogo. Mishipi ile ya juu ivute nyuma kabisa.

Jibu: Naongezea kuhusu uzito wa chubwi. Wakati wa kusi mkondo wa kwenda kaskazini hushika kasi, na chubwi yangu ya kilo 2 ilikuwa ikipeperushwa hadi chini ya mishipi ya juu. Nilipofunga ya kilo 5, waya ulisimama karibu wima.

Mwuliza: Ahsanteni. Je, samaki akishika?

Jibu: Pandisha chubwi zote mbili kwanza, boti ikiendelea kwenda. Nguru akiuzunguka waya ule, mshipi umekwisha.