Tupeane uzoefu: Jambo gani dogo mama alikufanyia siku zote? (Mabinti wa Kigoma na Tabora, karibuni)

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa kuwasifia mama zetu, ila naomba tusiishie kusema "mama ni mama", maana hilo kila mtu analijua. Tueleze alichokuwa anakifanya kwa mikono yake, siku ya kawaida tu, isiyo ya sikukuu wala ya msiba.

Naanza mimi. Nimekulia Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mama akiuza dagaa. Kwa wasioijua kazi hiyo: wavuvi huingia ziwani jioni na taa zao, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mitumbwi inarudi. Mama alikuwa anafika mwaloni kabla hakujapambazuka, ananunua kwa beseni, anaanika, kisha kazi ni kugeuza na kuangalia mawingu. Mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka, mtaji umeharibika. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na siku hizo mama alikaanga vitumbua ili jiko liwake.

Nikiwa shule ya msingi, wenzangu walinicheka kwamba nanuka dagaa. Nilirudi nyumbani nalia. Mama alinisikiliza, hakusema kitu. Kuanzia siku ile nikawa naona kipande cha limau kwenye kisahani karibu na mlango. Akitoka mwaloni anasugua mikono kwa limau na sabuni mpaka kwenye viwiko, ananusa vidole, anasugua tena, ndipo anakuja kunisuka au kunifunga vifungo vya shati. Sare yangu aliipiga pasi ya mkaa usiku, akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni na kuifungia kwenye sanduku, kwa sababu viroba vya dagaa tulikuwa tunalala navyo chumba kimoja. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya kazi, na limau kwenye mchubuko linauma, mnajua. Hata siku moja sikumsikia akilalamika.

Karo ndiyo iliyonisomesha, lakini lile limau ndilo lililonifanya nikae darasani nimeinua kichwa. Hayo nilikuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mimi nilikuwa tayari nina kazi Dar. Nikamtumia hela ya matumizi, maana nilijua biashara imesimama. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu nikachukue mzigo stendi: dagaa, safi, wamechambuliwa mmoja mmoja. Alikuwa amewatenga kabla ziwa halijafungwa. Wangemletea hela nzuri kipindi kile cha uhaba, yeye akaniwekea mimi.

Haya, nimemaliza. Endeleeni.

Mdau, Ujiji
Dada umeniliza. Wangu ni wa dumu la mawese. Nikiwa chuo Dodoma, kila likizo ikiisha mama ananisindikiza stesheni na dumu, kaweka nailoni chini ya kifuniko, na dumu zima kalifunga kwa kanga mpya. Nikimwambia kanga nitairudisha, ananijibu, "Ya kufungia dumu tu hiyo, mwanangu, kaa nayo." Siku moja nikiwa nyumbani nafungua kabati lake, nakuta vipande vya pili vya kanga zangu zote, vimekunjwa vizuri. Alikuwa ananunua doti, kimoja kinasafiri na mimi, kingine anajifunga yeye. Mpaka leo sijamwambia kwamba najua.

Mdau, Urambo
Sisi ni watu wa tumbaku. Wakati wa kukausha, moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, haulali, na mama ndiye aliyekuwa anaulinda usiku. Aliniita nikae naye na daftari langu, akanichomea viazi kwenye majivu. Kusoma hajui, lakini alitaka nisome kwa sauti halafu nimweleze. Kesho yake usiku ananiuliza, "Jana tuliishia kwenye figo, leo zinafanya nini?" Sikuweza kukwepa hata ukurasa. Sasa hivi mimi ni muuguzi.

Mdau, Tabora mjini
Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Kila nikisafiri, chini kabisa ya begi, hata nikikataa. Nashukuru mama.

Mdau, Kasulu
Mimi nimejifungua juzi juzi, na mama amehamia kwangu. Alfajiri anamchukua mtoto akishanyonya, anatoka naye barazani ili nipate usingizi, akirudi maji ya kunikanda yako tayari. Ninavyoandika yupo uani anafua nepi, mashine ya kufulia haitaki hata kuiona. Nimemsomea uzi huu wote. Amenyamaza kidogo kwa yule wa limau, akasema, "Huyo mama Mungu amtunze." Halafu amesema yule wa Ujiji aambiwe kwamba nailoni peke yake haitoshi, mdomo wa dumu upakwe na sabuni ya mche, hapo mawese hayavuji hata treni itikisike vipi.

Mwanzisha uzi
Mdau wa Kasulu, mfikishie mama shikamoo yetu sote, na hongera ya mtoto. Wa Kibondo, Uvinza, Nzega na Sikonge bado hatujawasikia, tunawasubiri.