Jirani kageuza nyumba karakana, chama na halmashauri wananirushiana. Nifanyeje?

Mama Pacha: Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, nimechoka kabisa.

Mtaa wetu una chama cha wamiliki wa nyumba, na hati ya kila kiwanja inasema makazi tu, biashara hairuhusiwi. Miezi minane sasa jirani anachomelea mageti uani. Kelele kutwa, harufu ya rangi inaingia chumbani kwa mwanangu mwenye pumu. Kamati ya chama ikanituma halmashauri. Ofisa akaisoma hati, akanirudishia: "Hayo ni makubaliano yenu." Hili jukumu ni la nani?

Mzee wa Ramani: Pole sana dada. Ofisa hajakosea, ila kakujibu nusu. Masharti ya kwenye hati ni mkataba. Anayeyadai ni yule anayenufaika nayo, yaani chama au mwenye kiwanja mwenzake, na hukumu inatoka mahakamani. Halmashauri inasimamia sheria zake yenyewe: matumizi ya ardhi, kibali cha ujenzi, leseni ya biashara, kelele, uchafuzi wa hewa. Rudi, safari hii hati iache nyumbani. Andika kwamba kuna karakana eneo la makazi, uombe wakague kama ina kibali. Usitoke bila namba ya malalamiko.

Kiwanja Na. 9: Naongezea kidogo. Si kote halmashauri inajitoa. Mji wa Houston, Texas, hauna sheria ya kugawa maeneo ya makazi na biashara. Wapigakura waliikataa tena mwaka 1993. Kwa hiyo mji wenyewe unaweza kumshtaki anayevunja masharti ya hati. Uliza kama sheria ya kwenu inawapa uwezo huo.

Wakili Mstaafu: Mama Pacha, nijibu kwa ukweli: wewe hujajenga chochote kinyume na masharti?

Mama Pacha: Nina chumba cha uani nimepangisha. Sikuomba idhini ya kamati. Lakini hakina kelele, mkuu.

Wakili Mstaafu: Kelele si hoja hapo. Wakili wa jirani ataanza na chumba hicho, aseme nawe unavunja masharti yaleyale. Tena kama kamati imefumbia macho wengi kwa miaka, atadai sharti limeshakufa, na mahakama nyingi humsikiliza mtu wa namna hiyo. Omba idhini leo, kwa maandishi. Halafu soma katiba ya chama: nyingi zinataka mkosaji apewe notisi na nafasi ya kujitetea kabla ya faini. Kamati ikiruka hatua hiyo, faini inaweza kuanguka. Na usikae sana, madai haya yana ukomo wa muda.

Mama Pacha: Nimewaelewa. Barua ya chumba naipeleka kesho kwa katibu, nakala nibaki nayo. Daftari nimeshaanza: tarehe, saa, na usiku ambao mtoto ametumia dawa ya kuvuta. Halmashauri naenda Jumatatu.