Mama ana lehemu nyingi, nazi hataki kuiacha

Binti_Makorora:
Habarini wadau. Mama yuko Tanga, ana miaka 61. Kapima, lehemu mbaya (kolestro aina ya LDL) imetoka 4.9. Daktari kamwandikia atorvastatin, dawa ya kushusha lehemu, na kumwambia apunguze mafuta. Kaacha mayai kabisa, na dukani hanunui mafuta ya kupikia mpaka aone chupa imeandikwa "haina kolestro". Lakini samaki wa kupaka, mbaazi, wali, hadi mchicha, vyote nazi! Nikigusia ananijibu, "Babu zako walikula nazi, kolestro waliisikia wapi?" Nimfanyeje?

Mzee_Ukwaju:
Nazi haina lehemu, hiyo ni ya wanyama. Mwache mama ale.

Nesi_Mstaafu:
Mzee wangu, kuwa nazi haina lehemu, hapo tuko pamoja. Hata alizeti na mawese ni hivyo hivyo, kwa hiyo maandishi ya chupani ni biashara tu. Shida iko kwenye ini. Ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya lehemu, na ndilo linaloizoa kutoka kwenye damu. Ukilijaza mafuta ya kuganda, yale ya nazi, samli na nyama nono, linazembea kuzoa. Katika gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni ya aina hiyo. Mawese karibu nusu, alizeti kama 11 tu. Na hao mababu, wangapi walidondoka ghafla tukasema wamerogwa?

Binti, 4.9 si ya kuchezea. Dawa mama asiiache hata akijisikia mzima, maana lehemu haiumi. Misuli ikimuuma bila sababu arudi kwa daktari, asijikatie mwenyewe. Balungi aliweke kando mpaka amuulize mfamasia, linaweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo mwilini.

Sasa jikoni. Usimnyang'anye mbuzi ya kukunia, mtagombana bure. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iwe ya siku ya wageni. Siku nyingine atumie tui la pili, kikombe cha chai tu, amimine mbaazi zikishaiva. Ukwaju, kitunguu na pilipili vibebe ladha. Mbaazi zenyewe ni dawa, nyuzinyuzi zake zinasaidia kuteremsha lehemu. Samaki amchome, ampake ndimu na kitunguu saumu. Mchicha kwa nazi, hapo mimi sielewi kabisa, mchicha wataka nyanya! Mayai mawili matatu kwa wiki si kesi.

Arudie kipimo baada ya miezi miwili mitatu. Na wewe kapime, kiwango hicho wakati mwingine ni cha kurithi.

Binti_Makorora:
Asante sana mama. Mimi nina 34 na ni mwembamba, kweli nipime?

Nesi_Mstaafu:
Wembamba haukingi kitu hapo. Pima, na kaka zako uwaburute.