MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka Uingereza) imebaki siku tisa, tairi ya mbele imelika upande wa ndani tu. Itapita?

BintiSongea
Wakuu, habari za huko mliko. Niko Reading, Uingereza, natembelea Toyota Yaris ya 2014. MOT inaisha Alhamisi ya wiki ijayo, na bila gari sina kazi: nahudumia wazee majumbani, zamu nyingine inaanza saa kumi na moja alfajiri na basi la saa hizo hakuna.

Jana wakati najaza upepo nilipitisha mkono nyuma ya tairi ya mbele kushoto, nikakuta ukingo wa ndani umelainika kama sahani. Katikati kashata (meno ya tairi) ipo. Nimechomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji, ule ukingo wake wa nje ukafichika wote. Nikapita sehemu moja wanayouza tairi, kijana hata hakuinama kutazama, akasema nibadili zote nne. Sijui kaniona mgeni?

Naombeni ushauri. Itapita hivi hivi? Nikibadili, nianze na moja au mbili? Na zile tairi za mtumba za pauni 25 zinafaa?

MzeeWaReli
Dada, zote nne kwa kuangalia kwa mbali hiyo ni biashara, usimsikilize.

Sheria ya huko inataka milimita 1.6, ila siyo ukingo hadi ukingo. Wanapima robo tatu ya katikati ya uso wa tairi, mzunguko mzima. Kwa tairi nyembamba kama ya Yaris, kila pembeni kunabaki kama sentimita mbili hivi nje ya hicho kipimo. Kwa hiyo ukingo kulika peke yake si lazima ukufelishe. Kitakachokufelisha ni nyuzi au waya kuonekana. Hapo hakuna cha robo tatu wala nusu, wanaandika kasoro ya hatari.

Na sarafu uliichomeka sehemu ngapi? Wengi wanapima mfereji wa katikati mara moja wanaridhika. Kata usukani wote kulia, tairi ya kushoto itachungulia. Washa tochi ya simu, pima mifereji yote, kisha sogeza gari mbele kidogo upime tena. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vimekatiza. Kashata ikishakuwa sawa na hivyo vituta, umefika 1.6. Ukikosa kuviona, tafuta herufi TWI au kipembetatu ubavuni mwa tairi, vinakuonyesha vilipo.

Kijiko
Mnamzungusha bure. Afunge spea siku ya ukaguzi, jioni arudishe 😂 Huku kwetu mtu anaazima hadi tairi za shemeji.

Mvita_London
@Kijiko na wewe! Spea ya Yaris nyingi za huku ni ile nyembamba ya dharura, na nyingine hazina kabisa, zina kopo la gundi. Ekseli moja ikiwa na tairi za saizi mbili, hapo hapo umefeli.

Ndugu yangu BintiSongea, kuhusu mtumba. Si haramu kuuza, lakini tairi ya mtumba lazima iwe na angalau milimita 2 upana wote, na iwe imepigwa muhuri wa maneno PART WORN. Nenda ukaangalie wangapi wana huo muhuri! Halafu piga hesabu: tairi mpya inaanza na milimita kama 8. Ukinunua yenye 3 umenunua 1.4 tu mpaka kwenye kikomo. Hizo pauni 25 si rahisi kama zinavyoonekana. Ukilazimika, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019.

Usidharau jambo hili pia. Kuendesha na tairi chini ya kipimo ni faini hadi pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, kwa kila tairi. Mbili mbovu ni pointi 6. Kama leseni yako haijafika miaka miwili, sita zinaifuta.

FundiIlala
Mnaongelea tairi, mimi nauliza kilichoila. Tairi mpya ukiifunga juu ya ugonjwa uleule, miezi michache uko hapa tena.

Upepo mdogo unakula kingo zote mbili. Upepo mwingi unakula katikati. Ukiona mabaka mabaka, tazama shokapu. Ndani peke yake ni alaimenti (mpangilio wa magurudumu), mara nyingi tairi za mbele zimetanuka kama miguu ya bata, au bushi (mpira) ya mkono wa chini unaoshika gurudumu imekufa na tairi inayumba ukiwa mwendoni.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ikiwa njia moja ni laini na ya kurudi inakwaruza kama msumeno, ni alaimenti. Na tazama ya kulia pia dada, hujatuambia iko vipi.

MzeeWaReli
Fundi kasema. Badili mbili, ekseli nzima. Mpya zikae nyuma, za nyuma zije mbele.

Kijiko
Nyuma tena? Yaris inavuta kwa mbele mzee.

MzeeWaReli
Inavuta mbele, sawa. Lakini kwenye mvua mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari inarudi. Nyuma ikiteleza, dada wa watu anazunguka saa kumi alfajiri peke yake. Kwa mvua ya Uingereza mimi siwezi kumshauri vingine.

Mvita_London
La mwisho: wengi hudhani ukienda mapema ukafeli, MOT ya zamani inakulinda hadi iishe. Inakulinda kama kasoro si ya hatari. Wakiandika ya hatari, huruhusiwi kuondoka na gari barabarani hata kama zimebaki siku tisa. Tengeneza kwanza, ndipo uende.

BintiSongea
Asanteni sana. Mrejesho.

Nilikata usukani nikamulika, ya kulia nayo imeanza kulika ndani, msumeno kama alivyosema fundi. Jumamosi nikaenda gereji nyingine, wakalinyanyua gari. Ya kushoto, kipande cha kama kiganja, waya zinaonekana! Kwa siku nzima nilikuwa nimeegesha pale pale, kipande hicho kimeelekea chini, ndiyo maana mkono haukufika. Na wiki nzima nimekwenda nayo Newbury na kurudi.

Nimenunua mbili mpya pauni 124, zimekwenda nyuma. Kijana wa gereji alibisha, nikamwambia mzee wangu amesema. Alaimenti pauni 45. Jumanne nimepita MOT, wameandika angalizo moja: bushi ya mkono wa chini kushoto imeanza kupasuka.

FundiIlala
Hiyo bushi ndiyo mwizi mwenyewe. Na ukiibadili, alaimenti inapigwa upya, hizo 45 zimekwenda. Ungeanza nayo.

BintiSongea
Uwiii. Bei ya bushi ni ngapi huko Ilala? Kuna mtu anakuja mwezi ujao.