Nimepewa wito wa mahakama ya manispaa. Nikubali kosa tu nimalize?

MuuzaMihogo_Ngambo

Assalam alaykum jamani. Nnauza mihogo ya kukaanga na samaki jioni, mbele ya nyumba yetu hapa Zanzibar. Askari wa manispaa walipita, wakaniandikia, na sasa nna hati ya wito kwenda kortini wiki ijayo. Imeandikwa makosa mawili: kuuza chakula bila kibali, na kumwaga maji machafu mtaroni. Kibali nishakilipia kabla hawajaja, risiti ninayo, karatasi yenyewe ndo haijatoka. Na yale maji si yangu. Juu yangu kuna mtu anaosha vespa, maji yanateremka mpaka miguuni kwa wateja wangu.

Wenzangu wote wananambia neno moja: kubali, lipa faini, rudi kwenye karai lako, ukikataa utazungushwa mpaka uchoke. Mie sijawahi kuingia kortini hata kusindikiza mtu. Nikifika naanza na nani? Lazima wakili? Na kweli kukubali ndo wepesi?

Wete_Kwetu

Dada, la kwanza nenda. Usipotokea bila ya sababu, hakimu anaweza kutoa hati ya kukamatwa, na jambo la faini likawa la polisi. Zima simu kabla hujaingia ndani. Mengine wapo wajuzi humu.

KaraniMstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu, na watu waliokubali kosa lisilo lao ili wawahi biashara nimewaona wengi. Lilikuwa likiniuma, na bado linaniuma, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu.

Fika mapema, kabla hakimu hajakaa. Nenda masjala, yaani ofisi ya majalada ya kesi, muoneshe karani hati yako, akutazamie jina kwenye orodha ya kesi za siku hiyo. Iandike namba ya kesi mahali, utaihitaji kila utakaporudi. Kisha kaa usubiri kuitwa. Mahakama ni ya wazi, unaweza kwenda na dada yako au jirani akakaa nyuma kusikiliza. Hakimu akiingia mnasimama. Yeye unamwita Mheshimiwa, basi, hakuna maneno mengine ya kukariri.

Ukiitwa utasomewa shitaka. Kama hukulifahamu, sema hukufahamu, urudiwe. Hiyo ni haki yako na hakuna wa kukukasirikia. Halafu utaulizwa: ni kweli au si kweli?

Hapo ndipo pazito. Makosa yako ni mawili na kila moja linajibiwa peke yake. Usijibu kwa jumla. Na sikiliza vizuri hili: ukisema "ni kweli, lakini kibali nilikuwa nishakilipia", huko si kukiri. Mtu anayekubali huku anatoa sababu inayomuondolea kosa, hakimu anatakiwa aandike kuwa amekana, kesi isikilizwe. Tabu ni kuwa wengi wakishasema "kweli" wananyamaza, ile "lakini" wanabaki nayo moyoni wanakwenda kuisema nje barazani. Hakimu haandiki lililo moyoni mwako.

Hata ukikiri, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio: siku gani, wapi, umefanya nini. Utaulizwa kama ni sahihi. Nimeona watu wanaitikia kwa kichwa huku tarehe si yenyewe na mtaa si wao. Ukikiri na kutiwa hatiani, rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu. Lile kosa lenyewe huwezi tena kurudi kulibishia. Ndiyo maana siwezi kukwambia kuwa kukubali ni wepesi.

Ukikana, kesi inapangiwa siku nyingine na unaombwa dhamana. Nenda na kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi, na mtu wa kukudhamini mwenye kitambulisho chake pia. Barua ya sheha, yule kiongozi wa shehia yenu, inasaidia, ichukueni kabla. Siku ya kusikilizwa, manispaa ndio wenye kazi ya kuthibitisha, si wewe. Askari atatoa ushahidi, na wewe utapewa nafasi ya kumuuliza. Muulize mambo mafupi. Ulisimama wapi? Ulimuona nani kashika ndoo? Mtaro unaanzia wapi? Usigombane naye na usimhutubie, uliza tu na umuache ajibu.

Sheria_Mwaka_wa_Pili

Shikamoo mzee, ahsante kwa somo. Naongeza kuhusu wakili: si lazima, unaweza kujisimamia. Ukitaka msaada wa bure kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2018, na kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar ambacho kipo tangu 1992. Wasaidizi wa sheria wapo mpaka kwenye shehia, muulize sheha wako. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, watu wote ni sawa mbele ya sheria, muuza mihogo na mwenye hoteli.

Ila mimi ningeanza na mwendesha mashtaka kabla kesi haijaitwa. Nimuoneshe risiti. Tarehe ikiwa ni ya kabla ya tukio, anaweza kuliondoa lile la kibali.

KaraniMstaafu

Marahaba. Sikupingi, amuoneshe. Lakini aoneshe, asiachie! Risiti halisi inabaki mkononi mwake, anatoa nakala. Na mazungumzo hayo yawe mchana kweupe, ndani ya ofisi. Mtu akimfuata pembeni kumwambia "nipe kidogo nilimalize", huyo hamalizi kitu, jina litabaki kwenye orodha. ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, wapo kwa watu kama hao.

Faini ikitolewa kwa haki, ilipwe kwa namba ya malipo na risiti ichukuliwe. Huna yote siku hiyo? Mwambie hakimu wazi, omba muda.

ShambaLaBabu

Samahani nadandia. Sisi tunagombania shamba la marehemu babu. Hiyo mahakama ya manispaa si ndo karibu, tunaweza kulipeleka hapo?

KaraniMstaafu

Hapana. Pale panasikilizwa makosa madogo madogo ya mji: leseni, taka, mitaro, maegesho, yale yanayotokana na sheria ndogo za mabaraza. Mirathi ni kwa Kadhi. Mkigombania mpaka au umiliki wa ardhi, Mahakama ya Ardhi. Na msiende Vuga kutafuta Mahakama Kuu kama zamani, imehamia Tunguu.

MuuzaMihogo_Ngambo

Mzee wangu Mungu akuzidishie. Nishaamua, la mtaro nasema si kweli. Jirani aliona yule anayeosha vespa lakini anaogopa kuja, anasema hataki ugomvi wa mtaa. Na nna picha kwenye simu, maji yanavyoteremka kutoka juu.

KaraniMstaafu

Jirani usimlazimishe wala usimbembeleze kila siku. Ukishakana, mwambie hakimu una shahidi na utaje jina lake, omba mahakama imtolee wito. Wengi wanapata nguvu wakiona karatasi ya mahakama, maana hapo haji kwa kukupenda wewe wala kumchukia mwenzio, ameitwa. Huyo jirani mwambie pia kuwa hatoulizwa ila alichokiona kwa macho yake.

Picha zisafishe zitoke kwenye karatasi, na simu uliyopigia uje nayo siku hiyo, usiziache kwenye simu peke yake. Kama hukupiga picha ya mtaro kuanzia kule juu mpaka kwako, kaipige leo kabla jua halijazama, huyo mtu akiwa anaosha au hayupo. Anayesikiliza hajawahi kufika mtaani kwenu. Aone mteremko.