MREJESHO: Lile neno "present" nimeshalikata

Asalaam aleikum jamaa. Mimi ndiye yule wa Langoni, Lamu, niliyeuliza juzi neno la Kiingereza "present" likatwe wapi likifika mwisho wa mstari, kwenye kijitabu cha siku ya zawadi shuleni. Ahsanteni, hasa mwalimu aliyeniambia nilitamke kwanza ndipo nishike mkasi.

Kumbe ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja! Likiwa zawadi, au wakati wa sasa, au mtu aliyehudhuria, mkazo uko mbele: pres-ent. Likiwa kitendo, yaani kukabidhi, kuwasilisha, hata kutangaza kipindi redioni, mkazo unahamia mwisho: pre-sent. Mimi yote nilikata pre-sent kwa mazoea tu, maana silabi zetu karibu zote huishia na irabu: za-wa-di, basi. Kiingereza hakina adabu hiyo.

Na sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Parents present will present the presents." Wazazi waliohudhuria watakabidhi zawadi. Mara tatu, maana tatu, na mkato wa kati hauwi kama wa wenzake.

Mwisho nimepanua safu kidogo, halikatiki tena. Hata Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta, kwenye TeX, programu yake ya kupangia maandishi ya kuchapishwa, aliliweka "present" pamoja na "project" kati ya maneno yasiyokatwa, kwa kuwa kompyuta haijui ni lipi kati ya mawili.

Sasa nimeliona "project" ukurasa wa nne. Mwenye duka la kuchapisha keshanichoka.